Santuri kwetu, mashine kwa Tatu

Santuri ilikuwa yetu, mashine ilikuwa yake. Nilipopata akili nilikuta mambo yako hivyo katika kambi ya Musonoi, pembeni ya Kolwezi, ambako vumbi la mgodi lilitua juu ya bukari, ugali wetu, kabla watu hawajamaliza kunawa mikono. Baba mukubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa na santuri moja ya mizunguko 78 kwa dakika, nyeusi, nzito, ya kuvunjika kama kigae: "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda. Jirani yetu wa nyumba ya pili, fundi mitambo mwenye asili ya Kasai, alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Tulimwita Tatu. Si hesabu hiyo. Kwa Kiluba cha Kasai ndivyo mtu anavyomwita baba, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita hivyo. Ili wimbo usikike ilibidi mmoja wao avuke uwanja na chombo chake mikononi. Walivuka karibu kila Jumapili, na sikumbuki Jumapili waliyovuka bila kubishana.

Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja, ila wenye matawi mengi: Bosco alipiga lini vizuri kuliko siku zote?

Kwa wasiomjua, Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya Wayeke, ambayo leo yamo katika mkoa wetu wa Lualaba. Bunkeya ni mji wa Msiri, yule mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi akifuata shaba na pembe za ndovu, akajifanya mfalme, akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs. Kiswahili chetu kilipita kwenye njia hizo hizo za shaba, kisha kikakomaa katika kambi za migodi, na ndicho Bosco alichokiimba. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kunasa muziki, Hugh Tracey, alimkuta Jadotville, mji tunaouita Likasi sasa. Kijana wa miaka ishirini na miwili, gita moja, kidole gumba na kidole cha shahada tu, na bado ukisikiliza utaapa kuwa wapigaji ni wawili. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikazitoa nyimbo zake kwa nembo ya Gallotone, na "Masanga" ikasafiri kuliko mwenyewe. Baadaye naye akasafiri: Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambako wapiga gita wa Kenya walimsikiliza kwa makini sana, Newport, Marekani, mwaka 1969, Ujerumani mwaka 1982.

Baba mukubwa alikuwa mtu wa 1952, basi. Kwake yote yaliyofuata yalikuwa mwangwi. Na hoja yake haikuwa ya mapenzi matupu. Alikuwa akinyanyua kidole sindano ikishuka, anasema: "Hapa eko peke yake. Bado dunia haimusikii." Maana yake, kijana huyu anapiga bila kujua kwamba kuna watu Johannesburg na Nairobi watakaomsubiri. Anayejua kuwa anasikilizwa, alisema baba mukubwa, huanza kuchagua vidole vya kuonyesha.

Tatu aliipinga hoja hiyo kwa subira ya fundi. Yeye alikuwa wa Nairobi. Ujana wake aliupitisha karibu na redio, na alidai kwamba Bosco wa miaka ile alikuwa amekomaa mkono: besi ya kidole gumba ilikuwa imetulia kama nguzo, na juu yake kidole cha pili kilitembea kinavyotaka. "Yaya," alimwambia baba mukubwa, kwa neno letu la kumheshimu aliyekutangulia kuzaliwa, "weye unapenda kijana. Miye natafuta mutu muzima." Santuri ya kuthibitisha hakuwa nayo. Alikuwa na kumbukumbu tu, na alizitetea kama mtu anayeshika hati ya nyumba.

Alikuwepo pia mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kuwaharibia wote wawili. Yeye alisema wanabishana juu ya mtu asiye sahihi, kwa kuwa mwimbaji halisi alikuwa Edouard Masengo, binamu yake Mwenda, mzaliwa wa Kashobwe upande wa mto Luapula. Masengo alikuwa na sauti ya kubembeleza na vichekesho vya jukwaani. Mwenda, kwa mwalimu huyo, alikuwa gita linaloimba kidogo. Masengo alikuwa mtu anayeimba akiwa na gita. Sikukubaliana naye wakati huo na sikubaliani naye leo, ingawa kila nikimsikiliza Masengo naona aibu kidogo kwa jinsi tulivyomnyamazisha mwalimu wetu.

Na sisi vijana? Sisi tulikuwa wa Franco. Orkesta ya Kinshasa, gita za umeme, Kilingala, wanaume ishirini jukwaani. Gita moja lenye chupa ya kugongwa pembeni lilitufanya tuone wazee wamebaki nyuma. Lakini nilikaa nao, kwa sababu kazi ya kuzungusha mkono wa gramafoni nilipewa mimi.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha jambo la kwanza. Gramafoni ya namna ile haina umeme. Inaendeshwa na springi, ambayo Tatu aliiita resori. Ukiijaza vizuri, santuri inakwenda mwendo wake. Springi ikianza kulegea, wimbo unapungua kasi na sauti inashuka, taratibu mno, hata asiyezoea hatambui. Basi siku moja baba mukubwa alimlaumu Tatu kwamba mashine yake inamzeesha Bosco. Tatu akajibu kwamba ni baba mukubwa anayetaka mashine ijazwe kupita kiasi, ili Bosco aonekane mtoto. Walizozana saa nzima juu ya mwendo wa kweli wa "Masanga". Mimi nikiwa na mkono wangu pale kwenye chuma niligundua kwamba ninaweza kuamua. Nikizungusha mara nyingi, kijana wa Jadotville. Nikizembea, mtu mzima wa Nairobi. Santuri ileile. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na sikumwambia mtu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bunkeya aliyeuza kinywaji cha munkoyo pale barazani. Yeye peke yake kati ya watu wote wa Jumapili zile alikuwa amemsikia Mwenda ana kwa ana, kwenye ndoa huko kwao. Ungetazamia kwamba angeulizwa yeye, ubishi uishe. Walimuuliza. Jibu lake liliwakera wote. Alisema hajui santuri ipi ni nzuri, maana kwenye santuri wimbo unakatika kabla mtu hajaweka kikombe chini. "Ku ndoa wimbo hauishake," alisema. "Njo batu banachoka." Kwenye ndoa wimbo hauishi, watu ndio wanaochoka.

Ilinichukua miaka mingi kuona uzito wa maneno hayo. Upande mmoja wa santuri ya 78 unabeba dakika tatu na ushei, si zaidi. Tracey alipomweka Mwenda mbele ya kipaza sauti alikuwa na dakika hizo tu za kumpa, na Mwenda akaupunguza wimbo ukaenea ndani yake kama mtu anavyokunja mkeka. Sisi tukaupokea mkeka uliokunjwa tukasema ndio sura yake. Baba mukubwa aliijua kila noti ya "Masanga", alijua Bosco anavuta pumzi wapi, na angegundua noti moja ikikosekana. Mama wa munkoyo hakuikumbuka hata moja. Alikumbuka kwamba miguu yake ilivimba.

Jina nalo lilikuwa sehemu ya ubishi. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwenye asili, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, na Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Wa 1952 waliendelea kusema Bosco. Waliotaka kuonyesha kwamba wanamfuata hadi uzeeni walisema Mwenda. Ukimsikia mtu akitaja jina, umeshajua atasimama upande gani kabla hajanywa chochote.

Habari za nje zilitufikia kwa vipande. Kwamba mwaka 1979 Mwingereza mmoja mpiga gita, John Low, alikuja Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda, Masengo na Losta Abelo, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Kwamba Mwenda alicheza Newport. Tatu alipenda sana habari ya Newport, na alikuwa na haki. Ni tamasha lilelile ambako mwaka 1965 Bob Dylan alipanda na gita la umeme, akazomewa, na wapenzi wake hawajaacha kugombana hadi leo ni Dylan yupi aliye wa kweli, wa kabla ya jioni ile au wa baada yake. Miaka minne baadaye mtu wa Bunkeya akasimama kwenye tamasha hilo na gita lake. "Kama alipiga vibaya wangemwalika?" Tatu aliuliza. Baba mukubwa akasema walimwalika kwa ajili ya 1952. Hapo nilikiri moyoni kwamba hakuna hoja ambayo watu hawa wawili wangeshindwa kuigeuza.

Septemba 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia. Mwezi huohuo sehemu ya kati ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka, na Kolwezi haikuwa na nafasi ya msiba wa mpiga gita. Watu walihesabu mashine zilizofukiwa, wakahesabu siku. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya migodi yetu, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 hazikufika 50,000. Kwa mtu wa mbali hizo ni tarakimu. Kwetu ilikuwa ni kimya: treni za madini zilizokuwa zikitikisa vikombe kabatini ziliacha kuvitikisa.

Jioni tulipopata habari za kifo hicho baba mukubwa alivuka uwanja na santuri bila kuitwa. Walisikiliza mara moja tu. Hawakubishana. Niliona ajabu, nikaogopa, kama mtoto anayeona wazazi wake wamenyamaza mezani, ingawa nilikuwa na miaka kumi na minane.

Kisha yakaja yale ya 1992 na 1993. Maneno yalikuwa yamepandwa kwamba mtu wa Kasai ni mgeni kwetu Katanga, kwamba amekula kazi za wenyeji, hata kama amezaliwa hapa, hata kama baba yake aliletwa na kampuni kabla hatujazaliwa. Watu waliokunywa munkoyo barazani kwetu waliyasema maneno hayo kwa sauti. Usiku mmoja mawe yakapigwa juu ya paa la Tatu. Familia yake ikaenda stesheni, kama maelfu ya wengine, ikalala chini kwenye mabunda na masufuria ikingoja treni ambayo haikujulikana itapita lini. Watu walifia pale, watoto zaidi.

Usiku wa kuondoka Tatu aliacha gramafoni mlangoni petu. Hakubisha hodi.

Asubuhi baba mukubwa aliifunga santuri kwenye kitenge, akaniambia twende. Tulimkuta Tatu amekaa juu ya godoro lililokunjwa, karibu na reli. Baba mukubwa akamnyooshea kitenge.

"Chukua."

"Bila mashine, yaya, nitaisikia na nini?"

"Utapata mashine ingine."

"Na weye utapata disiki ingine?"

Wakakaa. Kisha, mbele ya macho yangu, kati ya watu waliokuwa wakiharisha na kulia, wazee hawa wawili walianza: kama kweli Nairobi ilimkomaza Bosco au ilimfundisha kuchagua vidole vya kuonyesha. Hoja zilezile za Jumapili, kwa mpangilio uleule. Nilikasirika. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilitaka baba mukubwa aseme kitu kikubwa, aombe msamaha kwa niaba ya mtaa, alie, afanye lolote. Nilimwacha nikatembea mbele hadi mwisho wa jukwaa la stesheni.

Sasa naona kwamba sikuwa nimeelewa nilichokuwa nikikisikiliza tangu utoto. Mwaka ule Kolwezi nzima ilikuwa na ugomvi ambao mshindi wake alitaka mwenzake aondoke. Wao wawili walikuwa na ubishi ambao ungekufa mmoja akiondoka, na wote wawili walilijua hilo. Hakuna aliyetaka kushinda pale stesheni. Walikuwa wakirefusha wimbo.

Santuri ilirudi nyumbani ndani ya kitenge. Baba mukubwa aliiweka juu ya kabati, gramafoni chini yake, na hakuvigusa. Kwa mara ya kwanza vyote viwili vilikuwa katika nyumba moja.

Mimi niliondoka kwa masomo, na katika maktaba ya mbali na kwetu nikakutana na makala za David Rycroft, zilizotoka katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, juu ya gita la Mwenda. Rycroft alikaa na santuri, akaandika gita lile noti kwa noti, kwa subira ya ajabu, na neno alilolichagua kwa kichwa cha makala yake ni la kubuni papo hapo. Hata ndani ya dakika zile tatu, mkono hautulii mahali pamoja: duru inarudi, ila hairudi ilivyokuwa. Nilisoma nikamwona mama wa munkoyo. Alikuwa amelijua hilo bila noti.

Baadaye nikapata ile albamu aliyorekodi Cape Town mwaka 1988, iliyotolewa na kampuni ya Rounder ya Marekani mwaka 1994, yeye akiwa kaburini. Mwenda ana miaka hamsini na minane pale, na sauti imeshuka. Naiweka juu ya zote, na najua baba mukubwa hatanisamehe. Hoja yangu ni hii: kijana wa 1952 anakuonyesha mlango mmoja baada ya mwingine, kwa haraka, kwa furaha, kwa kuwa dakika zinakwisha. Mzee wa 1988 anaufungua mmoja na kukuacha uingie. Kidole gumba kinachelewa kidogo mahali fulani, na kule kuchelewa kumebeba safari zote. Lakini nasema hivi nikijua kwamba niliyapokea hayo nikiwa mbali na kwetu, peke yangu, usiku, na masikio ya mtu wa namna hiyo yana njaa yake. Anayesema santuri hii ni bora anatuambia pia alikuwa wapi. Siku hizi mtu akinitajia rekodi aipendayo, ya Mwenda au ya Franco au ya mwanamuziki yeyote wa roki wa Ulaya, namuuliza kwanza aliisikia na nani.

Mwaka 2005 simu za mkononi zilikuwa zimeenea Kolwezi, na mtoto wa Tatu alitutafuta kupitia kanisa. Walikuwa Kasai, wazima, wamepungua. Nilikuwa nimerudi likizo. Tulimkalisha baba mukubwa barazani, tukaweka simu sikioni mwake, tukangoja salamu na machozi. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, kisha nikasikia, nikiwa nimeinama pale pembeni, sauti nyembamba ya mzee ikisema: "Yaya. Nilifikiri tena juu ya Nairobi."

Baba mukubwa hakujibu. Alininyooshea kidole ndani ya nyumba. Nilitoa gramafoni, nikafuta vumbi la miaka kumi na miwili, nikapata sindano moja isiyo na kutu ndani ya kikopo chake. Yeye mwenyewe akatoa santuri kwenye kitenge. Nikauzungusha mkono wa mashine, kwa woga, mara chache, nikihofia chuma cha zamani kisikatike. Akaishika simu mbele ya tundu la sauti. Yunite, au vocha kama msemavyo huko, zilikuwa chache, na gita likaanza, na mikwaruzo, na yule kijana wa Jadotville akaanza kuimba kuelekea Kasai.

Haikupita dakika moja. Sauti ya Tatu ikatoka kwenye simu, kali, ya fundi:

"Resori imechoka. Ongeza."

Baba mukubwa akanisukuma pembeni, akaushika mkono wa mashine mwenyewe.